Kutoka Vuga hadi Bomani: Usambara na Urithi wa Utawala wa Kigeni

Katika nchi zote za Tanganyika ni chache zilizojaribiwa na kila namna ya serikali kama nchi ya Usambara, ambayo katika muda wa miaka mia moja tu ilitawaliwa na wafalme wake wenyewe, kisha na maakida wa Wadachi, yaani Wajerumani, kisha na mazumbe waliorudishwa vitini na Waingereza, na hatimaye na viongozi wa taifa huru lililopandisha bendera yake usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Kwa sababu hiyo, mtu atakaye kujua ni nini kilichozifanya dola changa za Afrika zione taabu kuwaachia raia wao kujiamulia mambo yao, hali uhuru wenyewe ulidaiwa kwa jina la raia hao hao, hana haja ya kusafiri mbali. Atazame Vuga, mji wa wafalme wa Kisambaa, kisha atazame boma la Lushoto, apime tofauti iliyopo kati ya kiti cha kwanza na kiti cha pili.

Vuga ilianza na Mbegha. Masimulizi ya wazee, ambayo Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy aliyaandika kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, yanamtaja kuwa mwindaji kutoka Nguu, aliyeingia Usambara na mbwa wake, akawaua nguruwe walioharibu mashamba ya watu, akawagawia wenyeji nyama, akaamua kesi zao, mpaka wenyewe wakaona ni maslahi kwao kumpa nchi. Masimulizi ya namna hii yana sifa na chumvi yake, wala hatulazimiki kuamini kila neno; lakini Wasambaa waliendelea kuyasimulia kizazi baada ya kizazi kwa sababu yalibeba sharti la utawala wao, kwamba mfalme hupewa nchi kwa ajili ya kheri anayoiletea. Mfalme aliitwa Simba Mwene, na kazi yake kuu, waliyoiita kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, ilikuwa kuhakikisha kwamba mvua inanyesha kwa wakati wake, mahindi na ndizi zinakomaa, na njaa haikai katika vijiji. Kodi ya ng'ombe na vyakula ilipanda Vuga ikaingia katika ghala ya mfalme, na siku za shida watu walitazamia kula katika ghala hiyo hiyo. Mvua ikikataa, aliyeulizwa ni mfalme, na jawabu lake halikuwa la maneno matupu.

Ufalme huo ulifikia kilele chake katika zama za Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala tangu miongo ya mwanzo ya karne ya kumi na tisa hadi kufa kwake yapata mwaka 1862. Mmisionari Krapf, aliyepanda Vuga mwaka 1848 na tena mwaka 1852, alikuta mamlaka yanayotambuliwa kutoka milimani mpaka pwani, hata Pangani na vijiji vinavyoielekea Vanga, ambako Kimweri alikuwa na kauli pamoja na Sultani wa Unguja katika kuwaweka madiwani. Kimweri aliigawa nchi kwa wanawe, kila mmoja akawa zumbe wa sehemu yake, lakini haki ya kumwondolea mtu uhai ilibaki mikononi mwa Simba Mwene peke yake, kama ilivyobaki kwake dhamana ya mvua. Zumbe aliyewadhulumu watu wake alijua kwamba wangeweza kumshitaki Vuga, au kuhama na kwenda kukaa chini ya zumbe mwingine. Na katika zama ambazo ardhi ilikuwa pana na watu wachache, mtawala aliyekimbiwa na watu alikuwa hana utawala.

Isidhaniwe kwamba ninausifu kupita kiasi utawala wa Wakilindi, yaani ukoo wa Mbegha na Kimweri. Kimweri alipokufa, mjukuu wake Shekulwavu na mwanawe Semboja waligombania ufalme, na Semboja, aliyejenga Mazinde penye njia ya misafara ya bonde la Pangani, aliipata pembe na bunduki ya pwani mapema kuliko jamaa zake, akaishinda Vuga kwa baruti. Vita vya ukoo vikaendelea miaka mingi, Wabondei wakaasi, na watu wengi wasio na hatia wakakamatwa na kuuzwa utumwani na wale wale waliopaswa kuwalinda. Wakati huo nchi haikuponywa tena, iliharibiwa; na wazee waliosimulia habari hizo hawakuwaficha wakosefu majina yao. Lakini hata katika ubaya huo, Wasambaa walikuwa na mizani ya kumpimia mtawala, wakaweza kusema huyu ameiponya nchi na huyu ameiangamiza.

Wadachi walikuja na mizani nyingine. Mikataba ya kampuni ya Carl Peters, vita vya pwani vya Abushiri vya mwaka 1888 na 1889, na kusimama kwa serikali ya Kaiser baada yake, vyote vilipita upesi. Semboja mwenyewe alifanya amani na wakubwa wapya na akafa mwaka 1895. Mwaka huo huo likatokea jambo ambalo naona lafaa kutazamwa kwa makini kuliko mapigano yote. Mtawala wa Vuga, Mputa, wa nyumba ya Semboja, aliamuru mtu auawe, kama wafalme waliomtangulia walivyoamuru. Wadachi wakamkamata, wakamhukumu kwa mauaji, wakamnyonga.

Tafakari walichokiona watu siku ile. Haki ya uhai na mauti, iliyokuwa alama ya Simba Mwene, ilikuwa imehama. Na aliyeichukua hakuwa na habari ya mvua, wala hakuwa na ghala ya kuwalisha wenye njaa, wala hakuna mzee wa Vuga aliyeweza kumwita barazani na kumwuliza. Nasema hivi pasipo kutetea kitendo cha Mputa, kwa kuwa damu ya mtu ni amana. Lakini kamba iliyomnyonga iliwafundisha watawala wote waliobaki kwamba tangu siku ile usalama wa kiti chao hautegemei tena kuridhika kwa watu walio chini yao, unategemea kuridhika kwa afisa aliye juu yao. Kinyashi, mwana wa Shekulwavu, akawekwa mahali pa Mputa, na baada ya miaka michache akakiacha kiti kile ambacho kilikuwa kimebaki jina tupu.

Kisha serikali ikajengwa Lushoto, mahali Wadachi walipopaita Wilhelmstal kwa heshima ya Kaiser wao, kwa kuwa baridi ya milima iliwapendeza. Chini ya afisa wa boma walikuwapo maakida, aghalabu watu wa pwani waliojua kuandika, na chini ya akida walikuwapo majumbe. Na amri ilishuka ngazi hizo kutoka juu mpaka chini, wala hapakuwa na njia ya neno la mwananchi kupanda. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898. Reli iliyoanza Tanga mwaka 1893 ilitambaa mpaka Mombo chini ya milima, na mashamba ya walowezi, ya kahawa kwanza na ya mkonge baadaye, yakahitaji mikono. Misitu mikubwa ikatengwa kuwa mali ya serikali, na aliyezoea kukata mti wa nyumba yake akaambiwa ni mwizi.

Mwaka 1907 ikatoka amri ya kadi. Kila mwanamume mwenye nguvu alipewa kadi, naye alipaswa kumfanyia Mzungu kazi kwa siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Na yule ambaye kadi yake haikujaa alipelekwa kwenye kazi za serikali kwa nguvu. Iwazie kadi hiyo mkononi mwa mtu aliyekuwa na shamba la kupalilia, mwezi ambao mvua imeanza na magugu yanashindana na mahindi: siku zake si zake tena, na anayezihesabu ni mtu asiyemjua. Huyo ndiye mwananchi ambaye baada ya miaka hamsini na kitu angeambiwa kwamba sasa serikali ni yake.

Waingereza walipoutwaa mji wa Wilhelmstal mwaka 1916, wakaurudishia jina la Lushoto, na kisha wakakabidhiwa Tanganyika kwa amana ya Shirika la Mataifa, palikuwa na tamaa kwamba mambo yangekuwa mengine. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, alikuwa mtu mwenye nia, naye aliamini kwamba Mwafrika hutawaliwa vyema na wakubwa wake wa asili. Na sheria ya serikali za wenyeji ya mwaka 1926 ikawarudishia machifu mahakama, hazina na kauli. Usambara ikarudishiwa Wakilindi. Kinyashi yule yule, akiwa sasa mtu mzima, akaitwa tena kukalia kiti alichokiacha zamani.

Lakini kilichorudishwa kilikuwa kivuli. Zamani mfalme aliishi kwa kodi ya watu na watu waliishi kwa ghala ya mfalme. Sasa kodi ilikwenda katika hazina iliyokaguliwa na Bwana Shauri, yaani afisa wa Kiingereza wa wilaya, na mfalme akapokea mshahara. Zamani zumbe mbaya alikimbiwa na watu. Sasa mipaka ilichorwa katika ramani, ardhi ikawa haba, na zumbe aliyependwa na boma hakuweza kuondoshwa hata watu wakimchukia. Cameron alidhani anaujenga upya utawala wa kienyeji, na kumbe alichukua ule upande wa utawala uliowaamuru watu akauacha ule upande uliowapa watu nguvu ya kuhoji. Wasambaa wenyewe waliliona jambo hili, maana katikati ya miaka ya 1940, mara tu baada ya vita kuu ya pili, raia walifanya umoja wao, wakakusanyika kwa wingi, wakadai Simba Mwene wa wakati huo, Magogo, aondoke na baraza la watu liwe na sauti. Dai hilo lilikuja miaka mingi kabla chama cha TANU hakijazaliwa. Na nilitajapo nataka vijana wa leo wajue kwamba haja ya kujitawala haikufundishwa Usambara na mtu wa nje.

Kilichoizidisha haja hiyo kilikuwa matuta. Wataalamu wa kilimo waliona, na hawakukosea, kwamba udongo wa milima unachukuliwa na maji. Na mwaka 1946 wakaanza mpango wao katika bonde la Mlalo, na baadaye wakaueneza Usambara. Mkulima aliamriwa alime matuta yanayokingama mteremko, ayafunge kwa matuta madogo ili maji yasimame, asichome majani, na miteremko mikali aiache. Huenda shauri hilo lilikuwa jema katika karatasi. Lakini jembe lilikuwa mikononi mwa mwanamke, mwenye kipande chembamba cha shamba ubavuni mwa mlima, aliyezoea kuchanganya mahindi na maharage katika udongo mwepesi. Naye sasa alitakiwa kuuvuta udongo ule ule kuufanya matuta kabla ya kupanda, kazi iliyozidi nguvu zake na muda wake, na alipochelewa aliitwa mahakamani mbele ya zumbe, akatozwa faini.

Hapo ndipo ugonjwa ulipodhihirika. Bwana Kilimo alipanga, Bwana Shauri akaamuru, lakini aliyetoza faini na kufunga ni Mkilindi, yule ambaye babu yake aliombwa mvua. Mtu aliyewekwa ili kuiponya nchi akawa ndiye anayewatesa wanaoilima. Huko Uluguru, mpango kama huo ulizaa ghasia mwaka 1955, na mtu mmoja akauawa. Usambara watu walikataa kwa ukaidi wa kimya na kwa maandamano, wanawake wakiwa mbele, mpaka ilipofika mwaka 1958 mpango ulikuwa umekwisha kuachwa. Na TANU, iliyoundwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, ilipopanda milima ilikuta kuni zimekauka. Mkulima wa Mlalo aliyekata kadi ya TANU alielewa uhuru kwa maana nyepesi na ya haki, kwamba hakuna tena mtu atakayemwamuru katika shamba lake bila kumwuliza.

Je, alipata alichokitaka? Haki yatudai tuanze na mema. Taifa jipya liliwarithi watu ambao, kama Mwalimu Nyerere alivyokuwa akikumbusha, asilimia 85 ya watu wazima wao hawakujua kusoma, na likawa na wahandisi wawili na madaktari kumi na wawili. Na katika vyeo vya juu na vya kati vya serikali siku ya uhuru, Waafrika walikuwa kama robo tu. Pamoja na uchache huo, taifa lilijenga shule na zahanati, likawaunganisha watu wa makabila zaidi ya mia kwa lugha moja, likaepukana na vita vya ndani vilivyowaangamiza jirani wengi. Mwenye kulisahau hilo ni mnyimi wa fadhila.

Lakini ngazi ya boma haikuvunjwa. Machifu waliondolewa kwa sheria mwaka 1963, na hapakuwa na wengi waliowalilia, kwa kuwa walikuwa wamechafuka kwa matuta. Bali kilichowafuata hakikuwa baraza la watu. Mwaka 1962 mahali pa Provinshal Komishna na Distrikti Komishna paliwekwa Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya, walioteuliwa kutoka juu, wakapewa kwa sheria uwezo wa kumtia mtu ndani kwa saa 48, uwezo ambao sheria ya utawala wa mikoa ya mwaka 1997 iliuhifadhi. Mwaka huo huo wa 1962 ikapitishwa sheria ya kuweka watu kizuizini bila hukumu. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zenyewe, ambazo ndizo zilizokuwa shule ndogo ya kujitawala, zilifutwa kwa jina la madaraka mikoani. Mwaka 1976 vyama vya ushirika, vilivyojengwa na wakulima wenyewe, vikavunjwa. Na katika miaka hiyo mamilioni ya watu wa Tanzania walihamishwa katika vijiji, na mkulima akarudi kuamriwa na sheria ndogo idadi ya ekari za kulima na zao la kupanda. Nia ilikuwa tofauti kabisa na ya Mdachi aliyetoa kadi, maana walioamuru waliwatakia watu maendeleo. Lakini mkulima aliyesimama mbele ya mwenye amri aliona ngazi ile ile, na kwamba sauti yake bado haina mahali pa kupandia.

Wala ugonjwa huu si wa Tanzania peke yake. Kenya iliingia katika uhuru mwaka 1963 na katiba ya majimbo, na kabla ya mwaka mzima kwisha katiba hiyo ilikuwa njiani kuondolewa, na machifu wa lokesheni wakaendelea kushika sheria ya machifu ya mwaka 1937. Uganda ilirithi kutoka kwa Waingereza ufalme wa Buganda uliobebeshwa upendeleo, na ugomvi wake na serikali ya kati ukaishia katika mizinga iliyopigwa kwenye jumba la Kabaka mwaka 1966. Kongo ilikabidhiwa uhuru mwaka 1960 ikiwa na wahitimu wa chuo kikuu wasiofika hata thelathini, baada ya Wabelgiji kumfungia Mwafrika kwa miaka mingi mlango wa vyeo vya juu. Kila nchi ina kisa chake, lakini shina ni moja: mkoloni alijenga serikali ya kukusanya na kuamuru, hakujenga serikali ya kujibu, na walioirithi waliona ni rahisi kukaa katika nyumba iliyokwisha kujengwa kuliko kubomoa na kujenga upya wakati watu wana njaa ya shule, dawa na barabara.

Wakoloni watabeba sehemu yao ya lawama mbele ya historia, nayo ni kubwa. Lakini zaidi ya miaka 60 imekwisha kupita tangu uhuru, na mtu mzima hawezi kuendelea kumdai marehemu deni ambalo yeye mwenyewe anaweza kulilipa. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 ilizirudisha halmashauri, zikaanza kazi mwaka 1984, na ndani ya sheria hiyo mna kitu ambacho Wasambaa wa zamani wangekitambua mara moja: mkutano mkuu wa kijiji, wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, mwanamume na mwanamke, ambao ndio wenye mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji, unaopaswa kukutana kila miezi mitatu, na ambao mbele yake viongozi husoma mapato na matumizi. Hapo ndipo mtawala anapogeuzwa uso, awaelekee tena watu aliowekwa kuwatumikia.

Katika vijiji vingi mkutano huo hauitwi, au huitwa na watu hawaendi, au wakienda hunyamaza. Kwa hiyo neno langu kwa ndugu msomaji, ukiwa wa Mlalo, Soni, Bumbuli, Mtae au penginepo popote katika nchi yetu, ni hili: miezi mitatu ikipita bila mkutano, mwulize mwenyekiti wako sababu; ukiitwa, nenda; hesabu zikisomwa, sikiliza; na lisilokuingia akilini, simama ulihoji. Haki hiyo ilidaiwa na wazee waliokusanyika kumkataa Simba Mwene, na akina mama waliokataa matuta. Na sisi tuliowarithi hatuna udhuru wa kuiacha ilale.